Kilomita Mia na Kumi na Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Leo mwaka mmoja, miezi minne na siku tisa tangu niondoke nyumbani. Niliaga nikisema miezi sita. Mgongo unauma, mikono inanuka grisi hata baada ya sabuni, na kalamu hii nimeiazima kwa Dada wa Tiketi, anayekatia wateja tiketi kibandani, bila yeye kujua.

Kazi ya leo: kuosha pikipiki za maji zote sita, kukwangua utelezi chini ya matumbo yao, kupaka grisi. Wateja wanakodi nusu saa, wanazunguka ziwani wakipiga kelele, wanarudi wamelowa na wamefurahi. Wakishuka, sisi tunafuta nyayo zao. Karakana nzima ni watu wawili: mimi na Kidomo. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, lakini ukikaa naye saa moja utaelewa kwa nini halitumiki.

Mama kapiga simu. Wamempa tarehe ya jicho! Wanampasua Jumatatu tarehe 23, wanafungua bandeji Jumanne asubuhi. Miaka mitatu jicho hilo la kulia haoni kitu ila ukungu, na la kushoto ndiyo hivyo tena. Kasema: "Baba, uwepo. Maana nikifungua jicho nikakutana na uso wa mjomba wako kwanza, nalifunga tena." Mjomba alikuwa amekaa hapo hapo. Nilimsikia akiguna.

Nikamwambia nitakuja. Sijui kwa nini nilisema haraka hivyo. Likizo sina.

Jumatano, 4 Juni

Balaa gatini. Alikuja bwana mmoja mnene, saa kubwa mkononi kama kifuniko cha chupa ya uji. Alikodi Nyekundu, ile ninayoitunza mimi. Aliporudi hakushuka. Alibaki amekaa juu yake, akainua mkono na kuwaambia watu wote kwenye foleni kwamba ubao wetu ni muongo. Ubao unasema KILOMITA 120 KWA SAA. Saa yake inasema 93.

Bosi akatoka na filimbi yake shingoni, akamwonyesha mshale wa dashibodi. Mshale ulifika 124, nimeuona mwenyewe! Yule bwana akacheka. Akasema huo mshale hauoni ziwa wala nchi kavu, unabahatisha tu kutokana na mashine inavyozunguka; saa yake inaongea na setilaiti. Foleni nzima ikacheka naye. Wanne wakaondoka.

Bosi alibadilika rangi. Mama Bosi, mkewe, aliyemletea dawa yake ya presha ya mchana, akamwambia mbele yetu: "Wewe na spidi hamjawahi kupatana." Hilo ni dongo. Mwaka jana Bosi aliitia pikapu mtaroni, na tangu hapo amemwapia mkewe kwamba hatapita themanini. Mama Bosi anakumbusha kila akipata nafasi, na nafasi anapata nyingi.

Alhamisi, 5 Juni

Bosi kanunua GPS ya mkononi. Kidude cha kijani, kinatosha kiganjani, kina kamba ya kuvaa shingoni. Akatuita mimi na Kidomo na kutangaza kama mtu wa redio.

Bosi anapenda mashindano kupita kiasi. Mwaka jana tuligombea feni ya karakana kwa kushindana kufunga plagi. Sasa ni hivi: mimi naitengeneza Nyekundu, Kidomo anamtengeneza Mende, ile nyeusi. Alhamisi tarehe 19 zinapimwa. Ya kwanza, namba yake inaandikwa ubaoni. Na fundi wake anakwenda likizo wiki tatu kabla ya msimu. Mmoja tu. Mwingine anabaki mpaka Desemba.

Niliinua mkono nikataka kusema habari ya jicho la Mama. Akasema kila mtu ana mama. Kidomo akaitikia, "Kweli kabisa Bosi." Mama yake Kidomo anaishi vituo viwili vya basi kutoka hapa!

Yeye likizo anaitaka kwa ajili ya mwanamke wa simu. Miezi minane wanaongea. Kamwambia yeye ni meneja wa vyombo vya majini. Sasa ukoo wa mwanamke unataka kumwona meneja.

Jumamosi, 7 Juni

Tumejaribu kidude kwa mara ya kwanza. Nyekundu: mshale 124, GPS 95. Kwa hiyo yule mnene alikuwa na haki yake. Iliniuma kidogo, kama mtu kaniambia mwanangu ana kigugumizi.

Kidomo akatoka na Mende, akarudi anapunga kidude. 109! Nikamwambia haiwezekani, mashine ni moja, mwaka mmoja, kiwanda kimoja. Akasema mikono ya fundi haifanani. Kweli haifanani. Dada wa Tiketi alikuwa anatazama kwa darubini ya wateja. Akasema Kidomo alipofika spidi ya mwisho aliurusha mkono mbele kama anayetupa jiwe, na kidude kimo kiganjani. Akarudia mkono ukiwa umetulia: 96. Kwa hiyo 13 zilikuwa za mkono wa Kidomo.

"Basi uwekwe ubaoni mkono wake," akasema Dada. Nilicheka mpaka mgongo ukaacha kuuma.

Jumanne, 10 Juni

Tumepata refa. Ni mzee mmoja mpimaji ardhi, mstaafu, anayekuja kunywa kahawa kwenye benchi letu kila asubuhi. Alikuwa anatusikia tukigombana. Akaweka kikombe chini akasema tunapima kama watu wanaopima unga kwa kofia.

Anaongea taratibu, kama anahesabu hatua. Kidude kikae wazi angani, kifuani kwa mwendeshaji, juu ya jaketi. Siyo mkononi, siyo kwenye sanduku chini ya kiti. Kikiwashwa kisubiriwe kwanza kipate setilaiti za kutosha, siyo kuwasha na kuondoka. Ile namba ya spidi kubwa kabisa kidude huitunza chenyewe, haijifuti. Kwa hiyo kabla ya kila mbio irudishwe sifuri. Mwendo ushikiliwe sekunde kumi, maana namba iliyochungulia mara moja si spidi, ni kupiga chafya. Kisha uende na urudi, ujumlishe, ugawe kwa mbili, kwa sababu upepo ukikusukuma kwenda utakudai wakati wa kurudi.

Nimeishia darasa la sita, lakini kugawa kwa mbili najua. Nilimwelewa kuliko mwalimu wangu yeyote. Kidomo alikuwa anapiga miayo.

Na mwendeshaji awe mmoja kwa zote mbili. Mimi kilo themanini na nane, Kidomo mwembamba kama waya wa redio, haingekuwa haki. Bosi akatafuta mtu mwepesi asiyeogopa. Dada wa Tiketi akafunga dirisha la kibanda, akasema, "Funguo ziko wapi?"

Ijumaa, 13 Juni

Kidomo kaosha baiskeli ya Dada wa Tiketi. Mimi nimemtengenezea feni ya kibandani. Kidomo kamletea mto wa kiti. Nimemzibia tundu la paa. Dada anasema wiki hii ni nzuri, mashindano yawe kila mwezi.

Nyekundu nimeivua tumbo lote. Ile pete inayoizunguka propela ilikuwa imelika. Ikilika maji yanavuja pembeni na nguvu inapotea bure. Nimeweka mpya. Tumbo nimelisugua kwa msasa laini mpaka naona meno yangu. Nimetoa kila kitu kisichohitajika, hadi kitabu cha maelekezo.

Mama kauliza kama nimeshakata tiketi. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika ukweli, kwani nani atasoma. Leo Kidomo alipokwenda kula nilichukua nanga ndogo ya stoo nikaizamisha kwenye sanduku la mbele la Mende, chini ya majaketi. Kilo saba hivi. Nikarudi kwenye Nyekundu nikipiga mluzi.

Nikafungua sanduku la mbele la Nyekundu kuweka kitambaa. Mfuko wa mchanga! Umelowa, umefungwa vizuri, umefunikwa na kamba. Mpumbavu yule alikuwa amenitangulia.

Aliporudi nilikuwa nimesimama na mfuko mkononi. Akautazama. Akaenda kwa Mende, akafungua, akatoa nanga. Tukatazamana kama majogoo. Kisha akasema, "Mimi mchanga ni wa bure. Wewe umetumia mali ya Bosi." Tukacheka tukakaa chini. Akanigawia sigara nusu. Akaniambia mwanamke wa simu anaitwa jina zuri sana, na hajui afanyeje akifika kule wamwulize habari za umeneja. Nikamwambia habari ya Mama na uso wa Mjomba. Akanipa na nusu yake ya sigara iliyobaki.

Lakini hakusema nenda wewe. Na mimi pia sikusema.

Alhamisi, 19 Juni

Siku yenyewe. Mpimaji hakuja, kampeleka mkewe hospitali. Kaacha karatasi yenye maagizo yote, kwa mwandiko mzuri kama wa hati ya shamba. Bosi kaisoma nusu, kaikunja, kaitia mfukoni. "Mambo ya kwenda na kurudi na kugawa ni ya walimu," akasema. "Tunatazama namba kubwa. Kubwa ni kubwa."

Mende akaenda kwanza. Dada alilala juu ya usukani, nywele zimefungwa, maji yanaruka nyuma kama ukuta. Kidude kifuani. 97! Kidomo aliruka ruka gatini akimbusu Bosi begani.

Zamu yangu. Tenki la Nyekundu likawa karibu tupu na sheria ni robo kwa robo, na kopo la petroli halina kitu. Bosi akaniambia panda. Tukaenda na pikapu kituo cha mafuta, barabara kuu, kilomita nne. Mama Bosi hakuwepo. Bosi alitazama kushoto, akatazama kulia, akakanyaga! Nilishika mlango. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetoroka shule. Kidude kilikuwa kinaning'inia shingoni kwake pamoja na filimbi, vinagongana.

Tulirudi. Nikajaza robo. Bosi akanipa kidude nikimfunge Dada kifuani, na nikirudishe sifuri.

Nilikiwasha kioo. Namba kubwa kabisa: 113.

Kwanza sikuelewa. Kisha nikaelewa. Pikapu!

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nasema ukweli: kilikaa hapo tu. Dada alikuwa anatazama ziwa, Kidomo anajisifu kwa mteja, Bosi anakunywa dawa. Nikakiona kibandiko cheupe kwenye jicho la Mama, na mtu anakibandua, na mbele yake amekaa Mjomba na meno yake matatu. Kidole kikaondoka. Nikamfunga Dada kidude, nikamwambia nenda.

Alirudi. Bosi akatazama. Akatazama tena. Akapuliza filimbi mpaka ndege wakaondoka kwenye nguzo. MIA NA KUMI NA TATU! Akanikumbatia nikiwa na mafuta mwili mzima.

Kidomo alinipa mkono. Kisha akaenda kumkausha Mende kwa shati lake. Nilitamani anitukane.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi nimekata tiketi. Basi linaondoka kesho saa saba mchana, linafika Jumatatu jioni. Nikampigia Mama. Alipiga kigelegele ndani ya simu, sikio bado linalia. Akamwambia Mjomba, "Kaa mbali, mwanangu anakuja."

Mchora mabango kamaliza ubao saa tano. 113, rangi nyekundu, na moto nyuma yake.

Saa nane akaja Mpimaji. Mkewe hajambo. Akausoma ubao, akaomba kuona kidude. Bosi hakuwepo, nikampa mimi. Akavaa miwani. Kumbe kidude kinatunza pia njia kilikopita! Mstari mwembamba mweusi kwenye ramani, kila mahali, kila dakika, na spidi yake. Sikujua. Ningejua...

Alisogeza sogeza kwa kidole gumba. Muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Kijana wangu, hii Nyekundu yenu ina magurudumu?"

Nikasema hapana, Mzee.

"Naona ajabu. Mia na kumi na tatu yake imeipatia kwenye barabara kuu. Baadaye ikakata kulia, ikaingia kituo cha mafuta, ikasimama dakika sita. Halafu ikarudi nyumbani kwa mwendo ule ule. Ziwani haikupita tisini na sita."

Nilikaa kwenye benchi lake. Nikamweleza yote, jicho, kidole, Mjomba. Alisikiliza, akanywa kahawa yangu maana yake ilikwisha. Akasema wapimaji wana ugonjwa, namba ya uongo ikikaa ubaoni mbele ya macho yao chakula hakishuki. Akasema, "Mwambie wewe. Kesho asubuhi. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi naeleza vibaya."

Mambo yaliyonijia kichwani baada ya hapo siyo mazuri. Mstari ule si wangu peke yangu. Ni wa Bosi pia! Mia na kumi na tatu kwenye barabara ya themanini, na saa yake imeandikwa, na Mama Bosi anajua kusoma. Nikimwambia, "Bosi, tufute wote wawili," atafuta na mimi napanda basi. Nani ataumia? Kidomo tu. Na mwanamke wake wa simu ambaye anamsubiri meneja.

Nimeikunja tiketi, nimeikunjua, nimeikunja tena.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwambia. Saa moja asubuhi, kabla hajapata chai. Nilisema haraka kama mtu anayemeza dawa chungu. Bosi akavimba, akapuliza filimbi bila sababu, akasema mimi ni mwizi wa namba. Akainua mkono kuelekea kibandani, nadhani alitaka zifuatwe karatasi zangu za kazi anifukuze.

Mpimaji akamsogezea kidude, akamwonyesha mstari.

Bosi akautazama. Akatazama mlango ambao Mama Bosi huingilia. Mkono ukashuka wenyewe.

"Huu mstari unafutika?" akanong'ona.

"Unafutika," akasema Mpimaji. "Kwa kupima upya."

Kidomo alikuwa nyuma yangu muda wote na mdomo wazi. Nikangoja matusi. Akaniambia, "Wewe ni mjinga kabisa. Ulikuwa umeshaondoka!" Halafu akaenda kufungua sanduku la mbele la Nyekundu, akaniita nitazame. Tupu. Nami nikamfungulia la Mende. Tupu.

Sasa tunapima kiume. Robo tenki zote mbili, Mpimaji kapima kwa kijiti. Dada yule yule, jaketi lile lile. Kidude kimekaa wazi dakika kumi kikikusanya setilaiti. Sifuri kaweka Mpimaji mwenyewe, kidole changu kimekatazwa kusogea. Upepo unatoka gatini kwenda boya la mbali, mzuri, bendera ya kibandani imenyooka.

Mende: kwenda na upepo 97, kurudi dhidi yake 92. Jumla 189, nusu yake tisini na nne na nusu.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya begi langu gatini. Saa sita na nusu. Kituo cha basi ni mwendo wa dakika ishirini. Begi nimelifunga tangu alfajiri, sijui ni ujasiri au ni wehu. Ndani kuna kanga ya Mama, sabuni, na miwani ya jua ya Mjomba ili asionekane sana.

Nyekundu imekwenda. Mpimaji ana darubini na redio ya mkononi. Dada kamsomea namba ya kwenda: 96.

Tisini na sita! Chini ya Mende kwa moja. Sasa lazima irudi kwa zaidi ya tisini na tatu. Dhidi ya upepo huu hairudi. Kidomo kanitazama, kisha katazama viatu vyake. Nimeona amejaribu kutofurahi.

Dada kafika boya, kasimama, anakirudisha kidude sifuri. Anafanya mambo kwa utaratibu kweli.

Bendera imelala.

Nimetazama mara mbili. Imelala kabisa, imejikunja kwenye mti wake kama shuka. Maji yametulia, hata kamba za gati zimelegea. Mpimaji anatazama darubini. Bosi anatazama mlango. Kidomo viatu. Hakuna aliyeitazama bendera ila mimi. Kwenda kwake ilisukumwa na upepo, na kurudi hakuna wa kudai. Mzee akijua atasema tusubiri, turudie zote. Basi halisubiri.

Juzi kidole kilikuwa changu. Leo upepo si wangu. Hilo nitalifikiria ndani ya basi, siku mbili ni nyingi.

Au nimguse bega nimwambie?

Namsikia Dada anakuja. Mlio umenyooka, haukwaruzi popote, ile pete mpya inafanya kazi yake. Nimeshika kamba za begi; bega la Mzee sijaligusa. Mpimaji ameinua mkono, anaanza kuhesabu sekunde kumi kwa sauti. Moja. Mbili.

Ujumbe kwa Mama nimeshautuma: nafika Jumatatu jioni, kazini narudi tarehe 14 Julai.